Mnataka kupanda mikoko? Msianze na miche

Jamani kila mwaka naona watu wanachangishana, tisheti zinachapwa, kosta inakodiwa, haya twende Kunduchi, hapa Dar, tukapande mikoko. Sicheki mtu, na mimi nilikuwa hivyohivyo.

Mara yetu ya kwanza tulichomeka mbegu za mkoko, zile ndefu za kijani kama bamia iliyonyooka, kwenye tope la wazi kabisa huko mbele. Akapita mama mmoja na ndoo yake ya tondo, wale konokono wa kwenye tope, tukamwamkia, akaitikia marahaba, akatuangalia weee kisha akasema, "Wanangu, hapo ndo njia ya maji." Tukacheka kwa adabu tukaendelea, picha zikapigwa, pilau likaliwa. Bamvua la kwanza tu, yale maji makubwa, kwisha habari. Nilivyorudi nikakuta vijiti vimelala na mifuko ya plastiki imevivaa kama nguo.

Kwahiyo ushauri wangu, mtafuteni kwanza yule mama. Wanaoingia mule kila maji yakitoka ndo wanajua kila aina ya mikoko inakaa wapi: huku mbele anakaa mlilana, mkoko wenyewe, ule wa mbegu ndefu, anataka nyuma kidogo kwenye tope laini, mkandaa nyuma zaidi, mchu yeye habagui sana utamkuta mbele na nyuma. Halafu ulizeni kwanini hapo hamna miti, maana mara nyingine ni tuta la shamba la chumvi lililoachwa au kifusi cha mtu kimeziba maji, sasa hapo hata mpande miche elfu mnajisumbua bure, fungueni maji yapite na mbegu zitaletwa na bahari yenyewe bila tisheti.

Kibali msisahau, mikoko ni hifadhi ya serikali iko chini ya TFS, wakala wa misitu, anzieni ofisi ya mtaa.

Na ile hela ya pilau (najua inauma) wapeni vijana wa palepale wawe wanapita kutoa plastiki kwenye miche, hasa masika mito ikishusha taka za mji mzima. Anayekata fito naye msimkimbilie na kelele, kaeni naye kwanza, mara nyingi ni jirani anajengea banda la kuku, na siku wageni wakija na mapanga usiku yeye ndo atakayewapigia simu.

Kingine, angalieni maji yanatoka saa ngapi kabla ya kukodi gari. Na msije na kandambili bana, yangu ya kushoto bado iko kule.