BIG-IP inayojibu pingi tu kwenye LibreNMS
Ndugu, ikiwa LibreNMS, programu ya kufuatilia hali ya vifaa vya mtandao, inaipata BIG-IP yako, kifaa cha kampuni ya F5 cha kugawia seva mzigo, kwa pingi tu (yaani inajua tu kwamba kipo hewani), bila kuonyesha seva inazozigawia mzigo, usiharakishe kuilaumu LibreNMS. Ikiwa bado na mipangilio ya kiwandani, BIG-IP hujibu maswali ya SNMP (itifaki ya kuuliza vifaa vya mtandao hali yao) yatokayo 127.0.0.0/8 pekee, yaani kwake yenyewe. Kwa hiyo ingiza anwani ya seva yako ya LibreNMS katika orodha ya BIG-IP ya wanaoruhusiwa, kisha uhakikishe kwamba fayawoli haizuii UDP 161, mlango wa SNMP. Jaribu kwanza snmpwalk, amri ya kusoma data za SNMP: sysObjectID, yaani namba ya kutambulisha aina ya kifaa, ikianza na 1.3.6.1.4.1.3375, ambayo ni ya F5, ndipo urudie ugunduzi katika LibreNMS. Kama BIG-IP ziko mbili zinazopokezana kazi, sajili kila moja kwa anwani yake ya usimamizi, si ile inayohama kutoka moja hadi nyingine, kwani mimi nilikesha usiku mzima nikisoma grafu za mashine isiyo yenyewe.