Babu alikuwa fundi saa Tabora, nianzie wapi kumtafuta?

SWALI: Shikamoo mzee. Babu mzaa babu alikuwa fundi saa hapa Tabora, kimeza chake kilikuwa barazani kwa duka la Mhindi karibu na stesheni. Baba mkubwa anasema alikuja na Mjerumani na reli yake, shangazi anabisha, eti alizaliwa Ujiji akaja baadaye sana. Sisi Waislamu, vitabu vya ubatizo hatuna. Kilichobaki ni saa yake moja ya mfukoni, imekufa. Ukweli nitaupataje?
Msomaji, Isevya, Tabora

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Kwanza hiyo saa usiisugue wala usiifungue kwa kisu, mpelekee fundi atoe mfuniko wa nyuma achungulie na lenzi yake, maana mafundi wa zamani walikuwa wanakwaruza kwa ncha ya chuma upande wa ndani, herufi za jina, tarehe ya matengenezo, vimaandishi kama miguu ya sisimizi, ukisugua umefuta ushahidi. Piga picha na simu, mwanga utokee ubavuni. Namba iliyogongwa muhuri ni ya kiwandani, hiyo inakupa umri wa saa siyo wa babu.

Sasa hili la Mjerumani. Reli ilifika Tabora 1912, na Septemba 1916 Wabelgiji wakauteka mji, kwa hiyo kama babu alikuja nayo akiwa tayari kijana wa kazi basi alizaliwa miaka ya 1890 hivi. Pigia hesabu mwanae wa kwanza, akiwa ni wa miaka ya 1940 mimi namuegemea shangazi. Na mkikuta barua imeandikwa juu EAR&H, yaani East African Railways and Harbours, Reli na Bandari za Afrika Mashariki, hiyo ni ya 1948 au baadaye, Mjerumani alishaondoka zamani.

Cheti cha kuzaliwa usikihangaikie, enzi za Mwingereza Waafrika wengi hawakusajiliwa. Ulizia karatasi za mirathi, kama kesi ilifika mahakamani warithi wote wametajwa humo. (Wasomaji Wakatoliki nyie mna bahati, kitabu cha ubatizo parokiani pembeni ya jina huwa wanaandika na ndoa ilifungwa wapi.)

Ukifika Nyaraka za Taifa, Dar, usianze na jina la babu, kama leseni ilikuwa ya mwenye duka fundi wa barazani humuoni. Kwa hiyo kabla ya nauli muulize shangazi duka lilikuwa la nani, na mchana nani alikuwa anampelekea babu chakula, huyo kama yupo hai mfuate wiki hii hii.