Usiniambie nisome kwa bidii

Maswali ya wasomaji. Anayejibu ni dada yenu wa mwaka wa tatu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anayesomea ualimu.

SWALI: Shikamoo dada. Niko kidato cha tatu, shule ya kata huku Kahama. Naomba unijibu kitu kimoja: leo ukirudishwa kidato cha tatu, ungejiambia nini? Ila usiniambie nisome kwa bidii. Hilo tunaambiwa paredi kila Jumatatu, na mgeni rasmi akija mahafali analirudia. Kuhusu mimi, Hisabati nimeshaipiga chini. Wanahesabu masomo saba tu na mimi nachukua tisa, kwa hiyo siku ya mtihani nitaandika namba yangu na kukaa. Nataka HGE (Historia, Jiografia na Uchumi), baadaye niwe mchumi.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nimewauliza swali lako wenzangu wa hosteli, na jibu lililorudi mara nyingi kuliko yote ni hilohilo ulilolipiga chini. Hisabati.

Hesabu yako ya masomo saba ni sahihi. Daraja la kidato cha nne linapangwa kwa masomo saba uliyofanya vizuri zaidi, hivyo F ya Hisabati inaweza kukaa pembeni na ukapata Daraja la Kwanza, nyumbani wakachinja kuku. Lakini daraja kazi yake ni kukuvusha kwenda kidato cha tano. Ukishavuka, wanaanza kukuuliza somo mojamoja. Tafuta Mwongozo wa Udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, unaotoka kila mwaka na kupatikana bure kwenye tovuti yao. Fungua chuo chochote, shuka hadi kozi za uchumi, uhasibu, takwimu, benki na fedha, kisha soma safu ya vigezo bila kuruka. Wakishataja masomo ya kidato cha sita, mara nyingi wanaongeza sentensi ndefu: kama huna Hisabati ya kombi, uwe umefaulu BAM (Basic Applied Mathematics, hesabu nyepesi ya kidato cha tano na sita), au uwe na alama fulani ya Hisabati ya kidato cha nne. Chuo hiki wanataka D, kile wanataka C. Watu wengi wanaiona sentensi hiyo kwa mara ya kwanza wakiwa tayari wana matokeo ya kidato cha sita mkononi.

Mwenzangu mmoja wa chumbani alisoma HGE kama unavyotaka wewe. Masomo yake matatu ya kombi aliyafaulu vizuri sana. BAM akapata F, kwa sababu msingi wake aliuacha kidato cha tatu. Leo anasoma historia, tena GPA yake, yaani wastani wa alama za chuo, inatuzidi sote chumbani, ila ukimuuliza swali lako anakujibu kabla hujamaliza: ningekwenda twisheni ya hesabu.

Sasa twende kwenye karatasi yenyewe. Kwa mpangilio tuliouzoea, mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne una maswali 14. Sehemu A ina maswali 10 ya alama 6 kila moja, sehemu B maswali 4 ya alama 10 kila moja. D inaanzia alama 30 na C inaanzia 45. Maswali matano ya sehemu A uliyoyapata yote ni D tayari, hata muda uliobaki ukilala. Na mada si ngeni: seti zipo, logi zipo, takwimu zipo. Wanakupa jedwali la alama za wanafunzi, unatafuta wastani, unachora histogramu. Kule sehemu B kuna lile swali la seremala wa meza na viti: ana mbao kiasi fulani na saa kiasi fulani, unachora mistari kwenye grafu, unatia kivuli, unasoma pembe za eneo linalobaki na kuona ipi inampa faida kubwa. Nilipokuwa mazoezi ya kufundisha nililifundisha swali hili kwa watoto waliojiita vilaza wa hesabu. Kuchora waliweza. Walichokosea ni kusoma: palipoandikwa kwa Kiingereza “isipungue” wao waliweka alama ya “isizidi”, kivuli kikaangukia upande usiofaa, na hesabu yote iliyofuata ikaenda na maji. Tukakaa siku mbili tatu na sentensi hizo tu, hatukugusa namba, na wengi wakaanza kulipata.

Mwaka 2023 waliofaulu Hisabati kidato cha nne walikuwa kama robo tu ya waliofanya. Wewe umeona hapo sababu ya kukimbia. Mimi naona kwamba huko mbele mlango huo una foleni fupi.

Mengine waliyosema wenzangu nitayapitia haraka. Yule wa sheria angejiambia asome vitabu vizima badala ya madesa ya kurasa nane. Yule wa jiolojia angejifunza kutumia kompyuta kabla ya kufika, maana kazi ya kwanza ya chuo hutakiwa kuchapwa na kuna mtu hulipa stesheneri wamchapie hadi mwaka wa pili. Na karibu wote walitaja kitu kimoja: hapa kwetu alama 40 unazikusanya njiani, kwa majaribio, kazi za mtu binafsi na za vikundi, na mtihani wa mwisho unabeba 60. Aliyezoea kulala muhula mzima na kukesha wiki ya pepa anakuta 40 zimeshakwenda, halafu sapu, yaani mtihani wa kurudia, inamngoja Septemba wenzake wakiwa nyumbani.

SWALI: Mwanangu hujambo? Mimi ni mama wa watoto watatu, Masasi. Binti yangu mkubwa yuko kidato cha pili, anasoma vizuri. Baba yao alishafariki. Majirani wanasema mkopo wa chuo ni wa watoto wa wakubwa, nisijisumbue. Kuna kitu naweza kufanya tangu sasa?

JIBU: Shikamoo mama, na pole kwa msiba, hata kama ni wa siku nyingi. Majirani wanakukatisha tamaa bure. Bodi ya Mikopo inaangalia uhitaji, na mtoto aliyefiwa na mzazi ni kati ya wanaoangaliwa kwa karibu, mradi aweze kuthibitisha. Hapo kwenye kuthibitisha ndipo nimeona watu wakikwama, wenye sifa zote.

Anza na vyeti viwili vya RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo: cha kuzaliwa cha binti na cha kifo cha baba yake. Kibali cha mazishi si cheti cha kifo, mama. Wengi wanakitunza kwenye nailoni miaka yote wakiamini ndicho chenyewe, kumbe ni karatasi ya kumzikia tu. Kama cheti cha kifo hamkuwahi kukifuatilia, kifuatilie sasa kwa mkuu wa wilaya huko huko Masasi, wakati mashahidi wa msiba bado wapo. Wakati wa kuomba mkopo ukifika, vyeti hivyo vitapelekwa tena RITA kuhakikiwa kwa mtandao, na chenye walakini hurudi.

Ukishavipata, viweke mezani pamoja na ripoti ya shule ya binti, usome majina herufi kwa herufi. Huku Zainabu, kule Zainab. Huku Mohamed, kule Mohamedi. Kwenye cheti ana majina mawili, shuleni ana matatu kwa sababu mwalimu wa darasa la kwanza aliongeza la babu. Sisi tunajua ni mtu mmoja, lakini mfumo unaona watu wawili. Jina alilosajiliwa nalo shule ya msingi linaelekea kumfuata hadi kwenye cheti cha kidato cha nne, na cheti kikishachapwa ndipo mzunguko unapoanza: wakili, hati ya kubadili jina, nauli, na kila ofisi inakurudisha kwa nyingine. Sasa hivi ni safari moja kwa mkuu wa shule ukiwa na cheti cha kuzaliwa mkononi. Nenda kabla hawajafanya usajili wa mtihani wa kidato cha nne, na usikubali kuambiwa “tutarekebisha baadaye”. Omba kuona walivyoandika.

Jambo ambalo hakuna anayewaambia wazazi: maombi ya mkopo hufunguliwa katikati ya mwaka, kipindi ambacho vijana wa kidato cha sita wengi wako kambini JKT, na simu huko hazishikiki ovyo. Kwa hiyo anayejua karatasi zilipo anatakiwa awe wewe. Fomu itahitaji sahihi ya serikali ya kijiji au mtaa, mdhamini, na namba za NIDA. Kama kaya yenu iko TASAF, mpango wa kusaidia kaya maskini, namba ya kaya nayo iandike mahali pasipopotea.

Binti naye ajue mapema kwamba ni mkopo, si sadaka. Akija kuajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe. Fedha ya chakula na malazi, ambayo sisi tunaiita bumu, ilipandishwa mwaka wa masomo 2023/24 kutoka shilingi 8,500 kwa siku hadi 10,000. Inakuja kwa mkupuo, na mkupuo huo una kawaida ya kununua simu. Mfundishe kugawa hela ya wiki kuanzia sasa, hata kama ni ya maandazi.

SWALI: Dada, niko kidato cha tano PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), Moshi. Baba anataka niwe daktari na ameshawaambia watu kanisani. Mimi damu naiogopa, ila Kemia naipenda sana. Nibadilishe kombi?

JIBU: Usibadilishe. PCB haikufungi kwenye udaktari, ingawa wazazi wengi wanaisoma hivyo. Kuna famasia, kuna sayansi za maabara, kuna lishe na sayansi ya chakula pale SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, kuna misitu na wanyamapori, kuna ualimu wa Kemia na Baiolojia ambao nchi hii haijawahi kutosheka nao. Kwa unavyosema, famasia ingekufaa, ila BAM usiidharau.

Baba usimpelekee hoja ya kuogopa damu. Atakujibu kwamba utazoea, na huenda ni kweli, wapo walioanza wakizimia na sasa wanashona vidonda. Mpelekee hesabu ya miaka: udaktari ni miaka mitano darasani na mmoja wa mazoezi hospitalini, unahitaji mtu anayeutaka mwenyewe. Tena usimpelekee peke yako. Kila ukoo una shangazi mmoja ambaye baba hambishii. Anza kwake. Kuhusu watu wa kanisani, watasahau, wana watoto wao wa kuwatangaza.

SWALI: Kiingereza changu ni cha kuunga unga. Nasikia chuoni unasimama mbele kueleza kazi ya kikundi. Nitachekwa? Kidato cha nne, Kigoma.

JIBU: Utachekwa siku moja, na wiki inayofuata atachekwa mwingine, wa shule ya ada kubwa. Kwenye kikundi cha watu kumi, watatu wanafanya kazi, watano wanaandikwa majina, mmoja anachapa, na wa kumi anasukumwa mbele kueleza kitu ambacho hajakisoma. Huyo wa kumi ndiye anayechekwa, na lugha ina sehemu ndogo sana hapo. Ukiwa umeisoma kazi, Kiingereza cha kuunga unga kinatosha kabisa, na wahadhiri wengi wanajua walikotoka wenyewe.

Kwa sasa, mdahalo wa Ijumaa usiukimbie kwa kujificha uani. Na ukisoma Jiografia, funga daftari kisha andika aya moja kwa maneno yako kuhusu ulichosoma, hata ikiwa na makosa. Kukariri definisheni za mwalimu kunakupa alama ya leo tu.

SWALI: Nimepata Daraja la Tatu kidato cha nne. Nimepangiwa kidato cha tano kombi nisiyoipenda, mwenyewe nataka diploma ya maabara. Wazee wanasema kwenda chuo cha kati ni kufeli maisha. Wewe unasemaje?

JIBU: Nasema wazee wanaongelea zamani. Kidato cha tano na sita ni miaka miwili na mwishoni una cheti kisicho na kazi ndani yake. Diploma ni kama miaka mitatu, unatoka na ujuzi, na ukipata GPA ya 3.0 au zaidi mlango wa digrii unaendelea kuwa wazi kwenye fani yako, mradi vyeti vyako vya kidato cha nne vina masomo wanayoyataka. Hapa chuoni waliotoka diploma ni kaka na dada zetu: maabara wanaingia wakijua kila chupa, na usiku wa kuamkia pepa tunajazana chumbani kwao watuelekeze.

Angalia jambo moja tu. Kabla hujalipa hata senti ya fomu, ingia tovuti ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, uhakikishe kwamba chuo hicho, na kozi hiyo hasa, vimesajiliwa. Vipo vyuo ambavyo kizuri chao ni geti.