Miaka Miwili Unayotaka Kuificha

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Tabora. Sisi ni wazima, wasiwasi ni kwako, kama tulivyofundishwa kuandika. Mvua imechelewa, na bibi yako anasema ni kwa sababu watu wameacha adabu.

Ujumbe wako nimeupata. Ungepiga simu tungemaliza mara moja, lakini umeandika, na mimi nikiandikiwa huandika. Unataka nikutajie makosa ya kuepuka kwenye CV, kwa kuwa mama yako amefungua bahasha za maombi ya kazi tangu enzi za kaboni na taipureta. Halafu mwishoni kabisa, kama mtu anayenong'ona, umeuliza ile miaka miwili, 2021 hadi 2023, uizibe vipi. Kijana wa steshenari amekwambia ipo asasi ya binamu yake, watakuandikia barua kwamba ulijitolea pale. Elfu ishirini tu.

Nianze na mepesi. Kurasa mbili zinakutosha. Mtu wa umri wako akifika ukurasa wa nne, ujue ameshaanza kutaja ukiranja wa shule ya msingi.

Huyo kijana sina ugomvi naye, anatafuta riziki. Ila CV zake nazijua bila kumjua mwenyewe. Nafasi moja ya kazi, zinakuja bahasha lundo, na wote wanapenda kusoma vitabu, kutazama mpira na kupata marafiki wapya. Wote wana lengo moja la maisha, neno kwa neno, mpaka nukta. Ilikuja moja ya dada mmoja, ukurasa wa kwanza uko sawa, ukifungua wa pili unakuta mwanaume aliyesomea ufundi wa magari. Mchapaji alisahau kumfuta. Bosi wangu akauliza tumwite yupi kwenye usaili.

Wengine huandika wadhamini watatu, na hao wadhamini hawana habari. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwapigia. "Nani? Simkumbuki, alisoma mwaka gani?" Pale pale mtu ameshapoteza kazi na yeye yuko nyumbani anasubiri. Wengine huweka namba ya simu ambayo laini yake imekufa. Wengine husahau kusaini barua ya maombi. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanasema wazi kwamba hati ya matokeo ya kidato cha nne haikubaliwi, wanataka nakala ya cheti chenyewe, na bado watu wanaambatanisha hati ya matokeo, sijui kwa matumaini gani. Na kila mtu "kompyuta bora sana", mpaka aambiwe akae achore jedwali.

Hayo ni mavumbi, unapangusa yanatoka. Mimi nina neno moja tu, na unalijua kwa sababu nimekuchosha nalo tangu uko sekondari: usiandike kitu usichoweza kukifanya mbele ya aliyekisoma. Nimelitoa kwenye hatimkato, yale maandishi ya haraka ya makatibu, pale Chuo cha Uhazili. Tangazo likitaka maneno 80 kwa dakika, nawe ukaandika 80, siku ya usaili mtu anashika saa na gazeti na kuanza kusoma. Basi. Dakika moja ikiisha, karatasi yako imeshasema yote.

Sasa naingia kwenye jambo ambalo hukuniuliza. Kila nikisikia habari za kuziba, namkumbuka mjomba wako.

Unamjua kwa jina la nyumbani. Lile la kazini ulilisikia mara ya kwanza msibani, nakumbuka ulivyonitazama. Sitaliandika hapa. Barua huanguka, na sitaki mtu amsumbue wifi yangu.

Mjomba alimaliza darasa la saba akiwa na akili kuliko sisi sote, na mwaka ule shuleni kwao hakuchaguliwa hata mtoto mmoja. Nafasi za sekondari za serikali zilikuwa za kuhesabu siku hizo. Kukariri darasa kwa jina lako ilikuwa haiwezekani. Kwa jina la mwingine ilikuwa desturi, kila mtu alijua, na walimu ndio waliotangulia kujua. Kijiji cha pili kulikuwa na mtoto ameacha shule kwenda kuchunga ng'ombe, jina lake likabaki kwenye rejista peke yake. Babu yako akapeleka mbuzi kwa baba wa yule mtoto, na mjomba wako akaingia kwenye jina. Mtihani ulipokuja akafaulu. Jina ndilo lililochaguliwa.

Basi ikawa hivyo. Kidato cha kwanza mpaka cha nne, chuo, barua ya ajira, hati ya mshahara, kote ni lile. Nyumbani tukaendelea na letu. Wala hakuiba alama hata moja, kila alichokijibu alikijibu kwa kichwa chake.

Na mwenye jina hakuwa mtu mbaya. Kila baada ya mavuno alipanda basi mpaka mjini, akabisha hodi kwa mjomba na kusema, "Nimekuja kujisalimia." Tulicheka mpaka machozi. Anakaa sebuleni, miguu ameinyoosha, anauliza, "Haya, mwaka huu nimepandishwa cheo?" Mjomba anamjibu, "Cheo bado, ila umekopa bati." Akiondoka anapewa nauli na kitu cha juu. Mpaka leo sijui kama ile nauli ilikuwa ukarimu au ilikuwa kodi. Na mjomba mwenyewe sidhani kama alijua.

Halafu ukaja uhakiki wa vyeti. Tarehe 28 Aprili 2017, Rais Magufuli alipokabidhiwa taarifa kule Dodoma, tukasikia kwamba watumishi 9,932 wana vyeti vya kughushi na waondoke kazini. Mjomba alikuwa hapa kwetu siku hiyo, kwenye kiti cha baba yako. Aliomba maji, akaletewa, hakuyanywa. Cheti chake kilikuwa halali, Baraza la Mitihani ndilo lililokitoa, mtihani aliufanya yeye. Hata jina lilikuwa halali. Halikuwa lake tu. Hakuguswa na mtu, lakini kuanzia hapo simu ikilia anashtuka, hata kama ni wewe unaomba hela ya daftari.

Alipofariki, wenzake wa kazini walikuja na gari la ofisi. Wakasimama pale njia panda kwa muuza mkaa, wakauliza ulipo msiba wa bwana fulani. Vijana wakawaambia hapa mtu wa jina hilo hayupo na hajawahi kuwepo. Wakageuza gari. Wamezunguka Cheyo, wamezunguka Ng'ambo, wanafika sisi tumeshatoka makaburini. Mkuu wao kasimama mlangoni na bahasha ya rambirambi mkononi, akamuuliza wifi, "Hapa ndipo?" Mtu amefanya naye kazi miaka yote ile, anauliza kama hapa ndipo. Hilo ndilo linaloniuma, kuliko hata yale ya mafao.

Na ya mafao yenyewe uliyaona. Cheti cha ndoa kina jina la nyumbani, hati ya mshahara ina jina la kazini, wifi yuko katikati anatakiwa athibitishe aliolewa na nani. Barua ya mtendaji, mashahidi, nenda rudi. Kile kiapo cha kwa wakili nilikichapa mimi: majina haya mawili ni ya mtu mmoja. Na ni kweli. Nani mwingine aliyaishi yale maisha? Lakini mwenye jina siku ile alikuwa amekaa kwenye benchi nje, amekuja kutoa pole, kofia ameishika magotini. Nilimwona dirishani. Nikaendelea kuchapa.

Usije ukadhani nasema mjomba alikosea. Asingeingia kwenye jina lile, angebaki kijijini anachunga yeye, na nauli yangu ya chuo ilitoka kwenye mshahara wa jina lile, na matumizi yangu pia. Hata wewe umekula humo. Sasa nani wa kumhukumu? Halafu usiku najijibu mwenyewe: lakini lilimdai, mpaka siku ya kuzikwa lilimdai. Halafu najijibu tena: yeye hakuwa na njia nyingine.

Wewe unayo, mama. Hapo ndipo ninaposhangaa.

Kwa nini unaiita miaka ya kukaa nyumbani? Ulikaa nyumbani lini? Ulikuwa Igurubi, kwenye ghala la mpunga la baba yako mdogo, na diploma yako ni ya ununuzi na ugavi. Nani aliyekataa lumbesa pale? Wanunuzi wote walitaka gunia lenye kilemba, lililojazwa kupita kipimo. Wewe ukaleta mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, ukasema kilo 100 na hapo hapo mwisho. Baba mdogo akanipigia kulalamika kwamba binti yangu anamfukuzia biashara. Msimu uliofuata wakulima wakawaacha wale wengine wakaja kwake, sikusikia akilalamika tena, wala sikusikia akikushukuru, lakini huyo ni baba yako mdogo. Nani aliyefungua leja ya kuingia na kutoka? Nani aliyehakikisha gunia lililotangulia kuingia ndilo linalotangulia kutoka? Hiyo ndiyo kazi yenyewe unayoiomba, tena uliifanya vumbi likiwa kifuani.

Iandike hivyo ilivyo. Mtunza ghala, ghala la mpunga la familia, Igurubi, wilaya ya Igunga, mwezi wa kuanza na mwezi wa kuacha. Kupokea, kupima, kuandika leja, kukagua unyevu na panya. Usijiite meneja. Idadi ya magunia usiitoe kichwani, itoe kwenye leja, na hiyo leja iwahi, maana ilikuwa juu ya kabati na wadogo zako wanachana karatasi kufungia karanga. Siku ya usaili mtu akikwambia, "Hebu nieleze unavyopokea mzigo," utamweleza mpaka akuombe upumue. Hiyo asasi ya elfu ishirini utamweleza nini? Hujui hata mlango wake unafunguka kwa ndani au kwa nje. Nimekwambia, usiandike usichoweza kukifanya mbele ya aliyekisoma.

Najua utakachojibu. Kwamba kazi ya ukoo haina mkataba wala barua ya ajira, na anayechambua ana marundo mezani, akiona "ghala la familia" ataona binti aliyekuwa akimsaidia baba yake mdogo, atageuza ukurasa. Inawezekana. Nisikufiche, nimeona waliosema kweli wakiachwa na waliopamba wakiitwa, na wengine wao leo wana ofisi zenye viyoyozi. Sina jibu la hilo. Ningekuwa nalo ningeshakupa.

Kwa hiyo sikuamulii. Umeshakuwa mtu mzima na jina ni lako. Nilikuwa nimeandika hapa kwamba ukimpa yule kijana hiyo elfu ishirini usiniambie, nikaifuta, sasa naona nimeirudisha. Iache ikae.

Lingine. Chukua cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na kitambulisho chako cha NIDA, uviweke mezani pamoja, usome herufi moja moja. Nina wasiwasi na jina lako la kati, shuleni walikuongezea "a". Siku hizi maombi ni kwenye mfumo na namba ya NIDA inatakiwa, na jina likipishana ni wewe utakayeanza kuhangaika. Kama vinapishana, nenda kwa wakili akuandalie hati ya jina, ile ya kutamka jina lako sahihi ni lipi, kisha isajiliwe kwa Msajili wa Hati, usiridhike na mhuri wa wakili peke yake. Fanya sasa kabla hujaitwa popote.

Na wadhamini, baba mdogo usimweke. Atakusifia mpaka aharibu, na ndugu kumdhamini ndugu wengine hawapendi. Mweke yule mwenyekiti wa chama cha msingi cha ushirika aliyekuwa analeta magunia ya wanachama wake kupima kwako, aliyebishana nawe juu ya mizani halafu akawa anakutetea. Mwombe ruhusa kwanza. Mpigie jioni, mchana yuko shambani na simu huiacha kwa mkewe, na mkewe akipokea atakuuliza habari za kila mtu kabla hajakwambia kwamba mumewe hayupo.

Ukimaliza nitumie niisome.

Mama yako