Siti ya Dereva Inalala Yenyewe: Nichomelee au Ninunue Nyingine?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Corolla 110 ya mwaka 1998 nimeinunua kwa mtu, injini haina shida kabisa ila siti ya dereva ndo inanitesa. Nikikaa inashika, afu nikikanyaga mafuta kwa nguvu au nikirushwa na tuta inalala nyuma kama kitanda. Kwa sasa nimechomeka kreti tupu la soda nyuma ya siti yangu, linasaidia, lakini binti yangu ndo anakaa pale nikimpeleka shule, inabidi akunje miguu. Welda wa mtaani kasema elfu thelathini ananichomelea inasimama moja kwa moja, jamaa mwingine kanambia niende Ilala nikatafute siti nzima ya mtumba, kakadiria laki na nusu. Hela yenyewe ya mawazo, naomba ushauri. Baba Nasra, Mbagala.

JIBU: Marahaba Baba Nasra. Kabla ya yote, hilo kreti litoe leo, na mtoto ahamie nyuma ya siti ya abiria mpaka umalize hii kazi. Ukigongwa kwa nyuma, hata kwenye foleni tu, mwili wako wote unakwenda kwenye hiyo siti, siti inakwenda kwenye kreti, na kreti linakwenda kwenye magoti ya mtoto. Na wewe mwenyewe mgongo ukilala mkanda haukushiki tena, unateleza chini yake.

Sasa tuje kwenye ugonjwa. Kaa chini, fungua mlango, chungulia pale kwenye kishikio cha kulazia siti. Kuna sahani mbili za chuma zenye meno, ukivuta kishikio meno yanaachana, ukiachia springi inayarudisha yanashikana. Kwa hiyo fanya hivi: vuta kishikio afu kiachie. Kama hakirudi chenyewe, kinalegea legea, basi una bahati, mara nyingi ni springi imechomoka au pale ndani pamejaa mchanga, makombo ya biskuti, sarafu, na soda iliyomwagika ikakauka. Hapo unasafisha kwa brashi na dizeli, unairudisha springi kwenye ndoano yake, unatia oili nyepesi kidogo, grisi usiweke kwa sababu inakamata vumbi halafu miezi miwili umerudi kule kule. Ila kama kishikio kinarudi vizuri, kinalia ka! kabisa, na bado mgongo unateleza ukiuegemea, meno yamekwisha. Kwa maelezo yako, inashika kidogo halafu inaachia ikipata mzigo, mi naona ni meno. Angalia pia chini ya sahani hizo, kwenye mkono unaobeba mgongo wa siti, kama kuna mstari mwembamba wa kutu, manake huo sio mchubuko, ni ufa.

Meno yakiisha au fremu ikipasuka, usichomelee. Naomba nikueleze kwa nini kwa sababu najua elfu thelathini na laki na nusu haviko sawa. Chuma cha meno kimepikwa kiwandani kikawa kigumu, sasa moto wa welda unauharibu ule ugumu na pembeni ya weldi pale ndipo kinapokuja kukatika, tena hakikupi taarifa. Mimi yamenikuta. Nilikuwa na Mark II, nikachomelewa siti na fundi mmoja mzuri tu wa geti na madirisha, nikaendesha karibu mwaka mzima nikasahau kama kuna kitu. Siku hiyo natoka Dar naenda Iringa, napanda Kitonga nimefuatana na malori, nikaingiza gia ya pili nikaachia klachi, mgongo wa siti ukakatika pap! Mikono iko kwenye usukani, mwili unakwenda nyuma, kwa hiyo usukani nao nikauvuta, gari ikahamia upande wa pili wa barabara. Mungu alisaidia hakukuwa na kitu kinashuka. Nilipoishusha ile siti weldi yenyewe ilikuwa nzima kabisa, inang'aa, kimekatika chuma cha pembeni yake kama biskuti. Tangu hapo sijamruhusu mteja wangu yeyote achomelee siti, na wengine wamenikasirikia.

Na kuna hili la moto wenyewe, ile sponji ya siti ikishika cheche inawaka haraka na moshi wake ni sumu, wengi wanachomelea siti ikiwa bado ndani ya gari. Hapana kabisa.

Kwa hiyo nenda Ilala, lakini nenda na akili. Unatafuta siti ya gari ile ile, upande wa dereva, milango minne, usichukue ya gari nyingine ukaambiwa "inaingia tu", kwa sababu nafasi za bolti kwenye reli, vile vyuma vya chini siti inapotelezea mbele na nyuma, hazilingani na wakishaona hazilingani wanatoboa sakafu ya gari lako au wanaunga vibati. Sakafu iliyotobolewa ovyo haiwezi kushika siti siku ya ajali. Rangi ya kitambaa isikusumbue hata kidogo, chukua yenye chuma kizima hata kama kitambaa kimechanika, kava na sponji zako utahamishia, fundi wa kava za siti anaifanya hiyo asubuhi moja. Tena ile iliyochanika ndo wanapunguza bei.

Ukifika dukani omba waiweke siti kwenye sakafu ya zege iliyonyooka. Miguu yote minne iguse chini. Ukiibonyeza kona moja ikacheza kama meza ya mgahawani, hiyo fremu imejipinda, imetoka kwenye gari lililogongwa, achana nayo hata wakishusha bei. Halafu kaa, egemeza miguu ukutani, sukuma kwa mgongo kwa nguvu zako zote, usione aibu watu wanaangalia. Ilaze ngazi moja moja, kila ngazi isukume. Isogeze mbele na nyuma, reli mbili lazima zifunge pamoja, upande mmoja ukifunga na mwingine bado utasikia siti inatikisika kiunoni. Mwisho ipindue uangalie chini, kutu nyekundu iliyojaa kwenye reli na springi na tope kavu kwenye kona za sponji ni dalili ya gari lililozama maji.

Kufunga ni kazi ya nusu saa. Bolti nne, soketi namba 14, zikigoma tia oili ya kulegeza kutu usubiri. Kama siti yako ina alama ya SRS ubavuni au kuna waya wenye soketi ya njano chini yake, hiyo ni eabegi, mfuko wa hewa unaofutuka gari likigongwa, chomoa kwanza hasi ya betri na usubiri dakika mbili kabla hujagusa kitu. Kurudisha, bolti zote nne zianze kwa mkono kwanza, zikishaingia zote ndo unakaza, ukikaza moja mwanzo nyingine zitaingia upande na utaharibu nyuzi za kwenye sakafu. Na kile kitako cha mkanda, pale unapochomeka ulimi, kwenye gari nyingi za aina hii kimefungwa kwenye siti yenyewe. Hamisha cha kwako unachokijua, kaza bolti yake barabara, uchomeke na kuuvuta mkanda mara kumi kabla hujatoka.

Kama laki na nusu haipo mwezi huu, siti ya abiria haiwezi kuhamia kwa dereva maana kishikio na reli zimegeuzwa, usijaribu. Bora uende na daladala wiki mbili tatu. Najua Mbagala asubuhi ilivyo, lakini bora hiyo.

SWALI: Kaka habari, siti yangu ya Starlet haijavunjika ila imebonyea, nikishuka kiuno kinauma. Nimeambiwa nibadilishe siti nzima. Mama Junior, Morogoro.

JIBU: Nzuri dada. Usibadilishe kitu bado. Pitisha mkono chini ya siti, utagusa springi zilizokunjwa kama nyoka. Ikiwa moja imechomoka kwenye ndoano yake utaisikia inaning'inia, inarudishwa kwa koleo na kazi imeisha. Kama zote zipo, basi sponji imechoka, fundi akuwekee ngumu ile ya kukatwa kwa kipimo na sio vipande vya godoro, kaa juu yake kabla hajashona kava, na uangalie kama macho yako bado yanaona vizuri juu ya usukani.