Kukonyeza kwa Kiklingoni: acha kutafuta neno, taja kiungo

Kama umeanza Kiklingoni, ile lugha ya kubuni ya filamu za Star Trek, juzijuzi na unataka kusema "nikamkonyeza" au "nikampungia mkono", usifanye kama mimi niliyekesha na kamusi nikitafuta neno moja tu la kukonyeza. Sikulipata. Siku ya tatu ndo nikashtuka kwamba wala sina haja nalo, nataja kiungo kisha nasema nakifanya nini, basi. Jicho ni mIn, moja ni wa', kufunga ni SoQmoH, kwa hiyo wa' mIn vISoQmoH, nafunga jicho moja, na aliye mbele yako kashaelewa.

Hiyo vI isikutishe. Ni kama "nali" kwenye "nalifunga", mimi na hicho kitu tumebanwa pamoja kwenye kiambishi kimoja mbele ya kitenzi, na kwa kweli hapa Mswahili anaanza na mtaji kabisa. Hata -moH ya mwisho ni ile -sha yetu: joq ni kupepea, kama bendera, ukiongeza -moH wewe ndo unapepesha, so ghopwIj vIjoqmoH ni naupunga mkono wangu. Kuinua ni pep. ghopwIj vIpep, nainua mkono.

Halafu kuna kitu kama ngeli, nilicheka nilipokiona. Viungo vya mwili vina wingi wao peke yao, -Du', kwa hiyo mkono ghop, mikono ghopDu'. Na "wangu" iko ya aina mbili, -wI' ni ya wale wanaoweza kuongea na -wIj ni ya vingine vyote, na mkono hauongei hata kama ndo umemwita mtu kutoka ng'ambo ya barabara, kwa hiyo ni ghopDu'wIj, wingi kwanza umiliki nyuma.

Panaponiumiza mpaka leo ni mpangilio wa sentensi. Marc Okrand, aliyetunga lugha hii kwa ajili ya filamu hizo na kamusi yake ikatoka 1985, aliweka kitendwa mwanzo, kitenzi katikati, mtendaji mwisho. Mimi kwenye kihadithi changu cha kwanza nikaandika loD pep ghopDaj nikiamini nimesema mwanamume anainua mkono wake. Kumbe nimesema mkono wake unamwinua mwanamume! Jamaa mmoja aliyenitangulia kujifunza alicheka mpaka nikajuta kumwonyesha. Sahihi ni ghopDaj pep loD.

Lingine ni herufi kubwa, usizichezee, hazipo kwa urembo. Qam ni kusimama, qam ni unyayo, sasa mimi nilikuwa naandika yIqam (yI ya mbele ni ya kuamuru) nikidhani namwamuru mtu asimame. gh yenyewe usihangaike nayo, ni ile ya "ghali", ila uitamke kweli, siyo wale wa "gali".

Kilichonisaidia kuliko kadi za maneno ni kujiamrisha mwenyewe chumbani kwa sauti na kutii palepale. yIba', nakaa. yIQam, nasimama. yItor, napiga magoti. ghoplIj yIpep, yaani inua mkono wako, nainua mkono, na nikitaka yote miwili yI inageuka tI, ghopDu'lIj tIpep, kwa sababu sasa vitu ni vingi. Mdogo wangu aliingia siku moja akanikuta nimepiga magoti mikono juu nabwata peke yangu, akafunga mlango taratibu akarudi alikotoka.

Ila kumbuka kutaja ishara siyo kutaja maana yake. Kupandisha mabega naweza kusema, bega ni volchaH, kwa hiyo volchaHDu'wIj vIpep, lakini msomaji atajuaje kama namaanisha sijui, au sijali, au nasikia baridi? Kwa hiyo siku hizi nikishapandisha mabega kwenye sentensi namalizia na jISovbe', sijui, naendelea na hadithi.