Mikate inaota ukungu siku ya pili, mchoro wa samaki utasaidia?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Nina bekari ndogo Morogoro, mikate ya slesi inarudishwa na wenye maduka, siku ya pili tu ukungu. Nimebadilisha unga, nimemwachisha kazi kijana wa usiku, bado. Nasikia kuna mchoro wa samaki, unachorwaje?

JIBU: Pole sana dada. Mchoro huo ni wa kutafuta chanzo cha tatizo, ni wa profesa Mjapani, Kaoru Ishikawa, na hauhitaji kompyuta, manila ya shule inatosha. Chora mstari mrefu ndo uti wa mgongo, kichwani andika tatizo, ila usiandike "mikate mibovu", andika kitu cha kuhesabika kama "mikate 40 kati ya 300 imerudi na ukungu wiki hii". Alafu miiba: watu, mashine, malighafi, namna ya kufanya kazi, vipimo, mazingira, na kwenye kila mwiba andika sababu zinazoweza kuleta tatizo. Mwiba ukikosa cha kuandika uache tu.

Usichore peke yako ofisini. Waite wanaooka na wanaofunga, waseme wao kwanza wewe bosi unyamaze, na huyo kijana ikiwezekana mpigie simu maana usiku anaujua kuliko wewe. Mtu akisema "uzembe" mwambie aseme nini hasa kilifanyika, uzembe huwezi kuupima.

Sasa kwenye bekari yako, ukungu unakufa kwenye oveni, kwahiyo unaouona umeingia baada ya kuoka, ndo maana kubadilisha unga hakukusaidia, nguvu ziweke kwenye miiba ya baada ya oveni yaani kupoza, visu vya slesi, mikono, trei, hewa ya chumba. Hapo uliza kwa nini mfululizo kama wanavyofanya Toyota. Kwa nini nailoni ina matone ndani? Mkate umefungwa wa moto. Kwa nini wa moto? Gari linaondoka saa kumi alfajiri. Kwa nini haujapoa mpaka saa hiyo? Labda mnachelewa kukanda, hilo watakuambia wao.

Ila usiamini mchoro mpaka umejaribu. Leo usiku mikate 10 ifungwe kama kawaida, mingine 10 ipoe masaa mawili hivi mpaka katikati ifike nyuzi 35 au chini, weka alama, kaa nayo siku tatu. Ikiota yote sawasawa mwiba wa joto ufute, hamia kwenye visu.